Priska Namuar na Kiti cha Mgeni wa Heshima

Mchungaji Didace, wazee wa kanisa, kina mama, ndugu zetu wa Kakuma mjini na wa kambini, na ninyi mliotoka Lodwar, Kataboi na Lokori mkafika hapa kabla jua halijaanza kuchoma, ejok, salamu kwenu nyote. Familia inaomba aliye nyuma kabisa asogee hadi mahali atakapoweza kusikia, kwa sababu mama tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2013, hakupenda habari za mtu zisomwe mbiombio kama majina ya mgao, na hata akiwa mgonjwa alituagiza, akicheka, kwamba siku yake ikifika asomewe polepole, na pasiwe na uongo wa kumpamba.

Marehemu Priska Namuar Ekuru alizaliwa Kataboi, karibu na ufuo wa ziwa, mwaka 1952. Kipande chake cha uraia kinasema tarehe 1 Januari, lakini mwenyewe alizoea kusema kwamba karani aliyejaza ile fomu alikuwa na haraka ya kwenda kula, na kwamba mama yake alikumbuka mvua, hakukumbuka tarehe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ekuru, mfugaji wa mbuzi na ngamia ambaye mifugo yake iliisha kwa ukame akageukia uvuvi, mtu mrefu, mkimya, aliyeshika desturi za baba zake mpaka anaingia kaburini, na ambaye binti yake alimpenda kuliko maneno yanavyoweza kueleza.

Alianza shule Lodwar mwezi Januari 1963, akaishia darasa la nne mwisho wa mwaka 1966, mama yake alipovunjika mguu na nyumba ikakosa mtu wa kuchota maji. Hakuwahi kulalamikia jambo hilo mbele ya wazazi wake. Mwaka 1981, akiwa tayari ni mama wa watoto wawili, alijiunga na masomo ya gumbaru, yale ya watu wazima, akakaa dawati moja na wanawake waliomzidi umri, na tarehe 27 Novemba mwaka huo akapata cheti chake, ambacho alikitia kwenye fremu na kukitundika juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Alibatizwa tarehe 24 Desemba 1971 mjini Lodwar, akapewa jina la Priska. Aliyemfundisha masomo ya ubatizo alikuwa kijana mwinjilisti aitwaye Epuyo, mwembamba, mwenye bidii nyingi na ukali kidogo. Mwezi Juni 1972 Mzee Ekuru alikuwa na baraza la wazee wa ukoo, na Namuar, kwa kuwa ndiye binti aliyebaki nyumbani, alipaswa kumbebea baba yake ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hukalia mchana na kulaza kichwa juu yake usiku, na kumtandikia ngozi ya kukalia. Habari hizo zilimfikia Epuyo, akadandia lori la samaki hadi Kataboi, akamkuta binti amekwisha kukishika kigoda mkononi.

"Dada Priska," akamwambia, "wewe umebatizwa. Kiti cha mzee asiyeamini unabebea nini?"

Namuar hakukiweka chini. "Mwalimu, nikuulize. Mungu akituamuru tuheshimu baba na mama, alisema ni wale waliobatizwa peke yao?"

Epuyo alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mkali lakini si mwongo, akajibu, "Hakusema."

"Basi shika ule upande mwingine wa ngozi, tumtandikie pamoja."

Akaushika. Wazee wa ukoo walimwangalia yule kijana mwenye Biblia kwapani akipangusa mchanga juu ya ngozi ya Mzee Ekuru, na mmoja wao akampa tumbaku, ambayo hakuyajua matumizi yake. Mwaka huo Epuyo alirudi Kataboi mara tatu, kila mara akisema amekuja kutafuta watu wa kubatizwa, hadi Mzee Ekuru akamuuliza waziwazi kama anamtafuta Mungu ama anatafuta binti, naye akajibu kwamba ni vyote viwili. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974, na Mzee Ekuru, bila kubatizwa, aliketi mstari wa kwanza kanisani juu ya kigoda chake mwenyewe.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Ekal, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1976, ambaye ni mwalimu Lokori, Akaale, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1979, fundi wa kushona hapa Kakuma, na Ekuru, aliyebeba jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 17 Julai 1984, mwenye duka Kalemng'orok. Kuhusu malezi yake, watoto wanashuhudia kwamba mama yao alikuwa mkali kama mama yeyote, kiboko alikijua, lakini akikosea alikuja mwenyewe mbele ya mtoto wa miaka sita, akachuchumaa ili macho yalingane, akasema, "Nilikugombeza bure, nisamehe," na baada ya hapo hakutaka mjadala.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa tarehe 2 Mei 1973 katika hospitali mjini Lodwar, upande wa kufua nguo na kubadilisha matandiko, akafanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, mpaka alipostaafu tarehe 28 Juni 2002. Hakuwahi kupandishwa cheo, maana upande ule haukuwa na cheo cha kupanda. Lakini wote waliofanya kazi naye wanamkumbuka kwa jambo moja, kwamba hakumkaribia mgonjwa bila kubisha hodi. Alisimama hatua mbili kutoka kitandani, shuka safi mikononi, akaita, "Hodi, mama fulani," akangoja aitikiwe, na kama mgonjwa hakuwa na nguvu ya kuitikia, alingoja amtazame. Daktari mmoja mgeni alimuuliza, "Mama, unabisha hodi wapi na hakuna mlango?" Naye akamwambia kwamba kwa sasa kile kitanda ndicho nyumba ya huyo mtu, na nyumba ya mtu haiingiwi tu. Inasemekana baada ya wiki chache yule daktari naye alianza kubisha.

Mwezi Januari 2003 Mwinjilisti Epuyo alihamishiwa kanisa letu hili, hapa mpakani mwa mji na kambi, ambapo wenyeji na wakimbizi husali pamoja, na mama akamfuata. Walitumika pamoja mpaka Mungu alipomwita Epuyo, Alhamisi tarehe 11 Septemba 2008. Watoto walimtaka mama arudi Lodwar, akakataa, akasema kwamba amekwisha kuyajua majina ya watu wa hapa, na kuanza kujifunza mengine ni kazi.

Sasa familia inaomba kueleza kwa kirefu kidogo mambo ya mwaka jana na mwaka huu, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo, na kila mmoja ameyasimulia kwa namna yake.

Mama alikuwa amepewa kazi ya mlangoni, kupokea watu na kuwaonyesha pa kukaa. Katika kazi hiyo alimzoea Mama Akon, mkimbizi mzee kutoka Sudan Kusini, ambaye yuko nasi leo pamoja na mjukuu wake Ayak, na ambaye kwa miaka minne hakukosa Jumapili hata moja, akikaa benchi la mwisho karibu na ukuta. Siku moja mwezi Julai 2012, ibada ilipokwisha, Mama Akon alimshika mkono, akamuuliza kwa sauti kubwa kama watu wasiosikia wanavyoongea, "Leo Mchungaji anasema nini?"

Mama akadhani hakuyaelewa mahubiri. Akaanza kumweleza.

"Hapana," akasema Mama Akon, akigusa masikio yake. "Mimi hapana sikia. Hii masikio imekufa zamani, kule kwa vita. Iko kidogo tu hii moja."

"Miaka yote hii hujasikia?"

"Hapana. Lakini nikikaa na watu wa Mungu, roho yangu inalala."

Mama alirudi nyumbani asile. Akamwambia Akaale kwamba kwa miaka minne amemkalisha mtu mahali pasipofika neno hata moja, tena kwa tabasamu, huku akijiona mpokeaji mzuri wa wageni, na kwamba hajui atamjibu nini Mungu akimuuliza.

Basi ikafika Jumapili ya tarehe 19 Agosti 2012, siku ya kufungua jengo hili. Upande mmoja wa paa ulikuwa umekwisha kuezekwa kwa mabati ya msaada wa Bwana Lokol, mfanyabiashara wa Lodwar, na upande wa pili ulikuwa bado wazi, ukingoja mabati mengine ambayo yeye huyo alikuwa ameahidi. Ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Watu walikuwa wamekwisha kumwita Mheshimiwa, kwa sababu alitaka kugombea kiti katika uchaguzi wa mwaka uliofuata. Mwenyekiti wa kamati yetu, Mzee Asekon, alipanga viti vya plastiki mbele, na katikati akaweka kiti kikubwa cha sofa, kilichoazimwa na kuvishwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kando kabisa ya spika ya kipaza sauti.

Ibada ilikuwa ianze saa tatu. Saa nne mgeni hakuwa amefika, ikabidi tuanze. Saa tano kanisa lilijaa hadi watu wakasimama kwenye jua, viti vyote vya plastiki vikapata wenyewe, na kiti cha sofa kikabaki kitupu. Ndipo Mama Akon akaingia, amechelewa kwa ajili ya foleni ya maji, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mama alitazama benchi la nyuma, akatazama spika. Akamshika mkono, akapita naye katikati ya kanisa zima, akamkalisha kwenye kile kiti, sikio lake zima likiwa limeelekea spika. Waliokuwa karibu wanasema Mama Akon alipoisikia sauti ya Mchungaji alishtuka, akaweka kiganja kifuani, akaanza kuitikia amina kila baada ya maneno mawili, hata mahali ambapo Mchungaji alikuwa anatoa matangazo tu.

Saa sita gari la Bwana Lokol likasimama mlangoni. Mzee Asekon akamkimbilia mama.

"Mama Ekal, mtoe huyo mama haraka! Mheshimiwa amefika!"

"Huyu hatolewi," akasema mama.

"Unatuvunjia heshima mbele ya mgeni!"

"Mzee, kwani huyu hana heshima ya kuvunjwa? Miaka minne hajasikia. Leo anasikia. Mimi siwezi kumwinua."

Bwana Lokol alikuwa amekwisha kuingia, amesimama katikati ya njia na suti yake, hana pa kukaa, na hakuna aliyemwambia neno. Mama Akon, asiyejua lolote, akaitikia amina nyingine kubwa, na watu wakacheka. Kicheko kilianzia kwa vijana, kikaenea. Bwana Lokol akageuka, akarudi garini, na vumbi lake likaingia kanisani kabla halijatua.

Mabati hayakuja. Wiki iliyofuata kamati ilimwondoa mama mlangoni, na waliokuwa wakikaa upande usio na paa walipitia karibu yake bila kumsalimu. Yeye akahamia upande huohuo wa jua, akakaa humo na leso kichwani. Mchungaji Didace alimtembelea nyumbani, akidhani anaumia kwa kuondolewa kazini.

"Mama, nakuomba uniambie, kinakuuma nini? Ni ile kazi ya mlango?"

"Hapana, Mchungaji. Ni kile kicheko."

"Lakini wewe hukucheka. Mimi nilikuwa nakuangalia."

"Nilicheka ndani. Nilimwona mtu mkubwa amesimama kama mtoto aliyepotea sokoni, na nikafurahi. Nilimpa mmoja heshima, mwingine nikamnyang'anya, kisha nikafurahia. Mungu aliwaumba wote wawili kwa mikono yake, nami nimechagua mmoja."

Mchungaji alimwambia kwamba hilo ni jambo la kuombea. Mama akamjibu kwamba amekwisha kuliombea, na jibu alilopata ni nauli. Siku ya Jumatano tarehe 5 Septemba 2012 alifika Lodwar, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ghala la Bwana Lokol, akasimama mlangoni akabisha hodi.

Bwana Lokol alimtambua mara moja. "Umetumwa na Asekon," akasema. "Mnataka mabati."

"Sijatumwa. Na habari ya mabati sina. Nimekuja kwa sababu siku ile walikucheka, na mimi nilicheka moyoni. Ulikuwa mgeni wetu, nikakuacha umesimama. Naomba unisamehe."

Bwana Lokol alisogeza daftari lake pembeni. Akauliza, "Na yule mama uliyempa kiti changu?"

"Kwa yule siombi msamaha. Akija kesho nitamkalisha palepale, maana ndipo anaposikia. Lakini wewe ningekungoja nje mwenyewe, nikueleze, na kiti ningekuletea hata kutoka nyumbani kwangu. Hilo ndilo sikufanya."

Hakumwambia amemsamehe, wala hakumfukuza. Alimwagiza chai, akakaa naye mpaka alipoimaliza, na walizungumza habari za Kataboi, kwa maana hata yeye mama yake alitoka kule. Mama aliporudi Kakuma, Mzee Asekon alikuwa anamngoja barabarani.

"Mama Ekal, umepata nini?"

"Chai."

"Chai tu?"

"Na sukari nyingi."

Mwezi Oktoba kina mama waliamua kwamba wamechoka kungoja. Walikata majani ya mikoma kwenye laga, ule mto mkavu, wakasuka, wa mjini na wa kambini, Mama Akon akiwaonyesha namna ya kufunga fundo wanavyofunga kwao, na kufikia tarehe 25 Novemba 2012 upande ule wa pili ulikuwa na paa, lenye ubaridi kuliko lile la mabati. Siku hiyo waliimba hadi saa tisa. Mzee Asekon, na tunalisema hili kwa idhini yake, alisimama mbele ya watu wote akamrudishia mama kazi ya mlangoni, na mama akaipokea kwa sharti moja, kwamba kiti kando ya spika kiwe cha asiyesikia vizuri, hata awe nani.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Bwana Lokol aligombea, akashindwa, tena vibaya. Waliokuwa wakijaa uani kwake kila siku wakapotea ndani ya wiki moja, na yeye akajifungia ndani, akawa haendi ghalani wala kanisani. Mama wakati huo alikuwa ameanza kuugua, miguu inavimba, na kila mwezi alikwenda kliniki Lodwar. Alhamisi tarehe 21 Machi, akitoka kliniki, alipita nyumbani kwa Bwana Lokol, akamwambia mlinzi wa geti, "Hodi. Mheshimiwa yuko?"

Mlinzi akacheka. "Mheshimiwa gani, mama? Si alianguka?"

"Huyohuyo. Mwambie ni Priska wa Kakuma."

Bwana Lokol alitoka mwenyewe, ndevu hazijanyolewa, amevaa ndara. "Mama, acha kuniita hivyo," akasema. "Nilianguka. Watu watafikiri unanicheka."

"Mimi nilikuita hivyo kabla hujasimama. Sasa kuanguka kwako kunanihusu nini?"

"Basi unaniitia nini?"

"Unafikiri Mungu alingoja kura zihesabiwe ndiyo ajue wewe ni mtu wa heshima? Alikuheshimu tangu ukiwa tumboni mwa mama yako, kule Kataboi. Sisi tunachelewa tu kujua."

Bwana Lokol ametuomba tuseme wazi kwamba alilia pale getini, mlinzi akimwangalia, na kwamba hajutii. Mama alimngoja amalize, akamwambia kuwa Jumapili ya Pasaka ni tarehe 31, ibada ni saa tatu, na safari hii asichelewe.

Hakuchelewa. Alifika saa mbili na nusu. Mama alimngoja nje kama alivyoahidi, amesimama kwa fimbo, akamsalimu kwa jina lake na la baba yake, akamwonyesha nafasi kwenye benchi la kawaida upande wa makuti, na Mama Akon alipomwona akampungia mkono kutoka kwenye kiti cha spika, akamwita kwa sauti iliyosikika kanisa zima, "Wewe mkubwa! Kuja! Hapa karibu, unasikia vizuri!" Watu walicheka tena, na safari hii Bwana Lokol ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikaa sakafuni kando ya kile kiti, magoti yamekunjwa, na kila Mama Akon alipoitikia amina, naye aliitikia.

Mabati yenyewe yalikuja mwezi Julai bila mtu kuyaomba, na aliyeyaleta alikataa yatangazwe, kwa hiyo msimwambie kwamba tumeyataja. Kina mama walikataa kubomoa makuti yao. Mabati yakaezekea jiko na vyoo, na ndiyo mnayoyaona pale yaking'aa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alisumbuliwa na presha, na baadaye figo. Katika miezi yote hiyo, Bwana Lokol alimtuma dereva wake amchukue hadi kliniki, na mara nyingi aliendesha mwenyewe. Mama hakuwa na muda wa huzuni. Kila Alhamisi, hata alipokuwa hawezi kukaa wima, kina mama walikusanyika chumbani kwake kwa somo, na walipomuuliza heshima ya Mkristo ni nini hasa, alisema hajui kuieleza kwa Kiswahili kizuri, ila anajua kwamba akimsalimu mtu, anataka yule mtu aondoke akiwa amenyooka mgongo kidogo kuliko alivyokuja.

Alilazwa Lodwar Jumatatu tarehe 28 Oktoba 2013. Wodi nzima ilimjua ndani ya siku mbili, na yeye akawajua wote. Jumanne tarehe 12 Novemba, saa kumi jioni, watoto wake watatu wakiwa wamemzunguka, alimwomba Akaale amfunge kitambaa vizuri kichwani, akauliza kama anatazamika, akaambiwa amependeza. Akasema, "Haya, niko tayari kuonana na watu." Akafumba macho, akaenda.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, na watu wengi ambao hatujui tuwahesabu katika fungu gani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar, walioongea naye kama mtu, si kama faili. Inawashukuru waliokuwa wafanyakazi wenzake wa zamani, walioacha shughuli zao wakaja kumwimbia wodini. Inawashukuru majirani wa mjini na wa kambini, mliolala hapa tangu Jumanne na kutupikia bila kuulizwa. Inamshukuru Mchungaji Didace, na Mzee Asekon, aliyepanga viti vya leo na kuhakikisha kila mtu ana pake.

Lipo tangazo moja, nalo ni agizo la marehemu mwenyewe, aliloliandika kwa mkono wake tarehe 2 Novemba. Anasema baada ya mazishi, wa kwanza kula wawe wale waliochimba kaburi, kwa kuwa ardhi ya huku ni ngumu na wamechoka, wafuatwe na waliotoka mbali kwa miguu, kisha kina mama wa jikoni wakae chini wapakuliwe na wengine, na wakubwa wangoje. Mtakaponawa mikono, mtakutana na Bwana Lokol. Tulimpa kiti, amekataa. Ndiye mwenye birika na karai pale kwenye lango, amekunja mikono ya shati, na ameomba kila mmoja amtajie jina lake anapomnawisha.

Mama Priska Namuar, binti wa Ekuru, mke wa Epuyo, umetupokea sisi wote mlangoni kwa miaka mingi, leo umefika pa kupokewa. Pumzika kwa amani, mama, na furaha yako iwe kamili.